Kisoda cha Kilima

Asubuhi ile naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimesimama kwenye shamba la mama mkwe wangu hapa Mwankoko, mtoto mgongoni, mifuko miwili ya mbolea ya kukuzia iko miguuni pangu, na wanawake kumi na wawili wa jirani wananitazama wakisubiri niwaambie waanzie wapi. Nilikuwa na miaka ishirini. Sikuwahi kujiona mtu mkubwa kiasi kile, na tangu siku hiyo sijakosea tena kiasi kile.

Nakusimulia haya, mjukuu wangu, kwa sababu nimesikia umejiandikisha, ujumbe umeingia kwenye simu yako, na kesho kutwa unakwenda dukani kuchukua mifuko mitatu ya mbolea ya ruzuku. Vizuri sana. Nimesikia pia umeuza mbuzi wanne ili ufikishe fedha. Hapo ndipo nikaona nikuite ukae kidogo, unisikilize. Usikunje uso, sikukuita kukugombeza. Wa kugombezwa nilikuwa mimi, na nilishagombezwa zamani na mtu aliyeijua kazi hiyo.

Kwetu ni Sekenke, kule Iramba, kwenye mashimo ya dhahabu. Baba yangu alikuwa mchimbaji mdogo. Akipata vumbi lake la dhahabu alilipima kwenye mizani ndogo huku amebana pumzi, asije akalipeperusha. Lakini mtu huyohuyo akirudi nyumbani akamkuta mama anampimia jirani unga, halafu anapitisha kidole juu ya kopo kuondoa ziada, alikasirika kweli. "Kipimo kisicho na kilima hakina baraka," alisema. Unga ukae juu ya kopo mpaka umwagike pembeni, ndipo ujue umepewa na mtu. Nimelelewa hivyo. Kwetu, mwanamke anayefuta kipimo kwa kidole alisemwa kisimani mpaka maji yakauke. Wala si kwetu tu. Nenda mnadani hata leo, mwombe mama muuza karanga afute kopo lake, uone atakavyokutazama.

Nilipoolewa na Ramadhani nikaletwa huku kwa Wanyaturu. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya pili. Ramadhani alikuwa fundi wa njia ya reli kule Itigi, anakuja mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine haji. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, binti yangu wa kwanza Mwajuma aliyekuwa bado ananyonya, na mama mkwe wangu, ambaye majirani walimwita Mama Ramadhani. Alikuwa mjane, mwembamba, mpole wa sauti na mgumu wa mkono. Akipika chai ungedhani anayahesabu majani. Watu walimwita mkono wa birika, ingawa si mbele yake. Na mimi, Mungu anisamehe, niliwahi kucheka waliposema hivyo.

Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa mbaya. Tulivuna mtama kidogo na mahindi ya kuchoma tu. Katika kundi lote aliloacha marehemu baba mkwe, walikuwa wamebaki ng'ombe wawili: mmoja wa maziwa, jina lake Kijivu, na mtamba wake, ndama jike aliyekua. Maziwa ya Kijivu ndiyo yaliyoingia kwenye uji wa mwanangu, na kwenye uji wa mama mkwe pia, maana meno yalikuwa yamemwisha na ugali ulimpa tabu. Basi mvua za mwaka ule zilipoanza vizuri, akamuuza yule mtamba, akanunua mifuko miwili ya mbolea. Hakusema mengi. Alisema tu, "Shamba likikataa mwaka huu, anayefuata ni Kijivu."

Nilimsikia. Maneno niliyaelewa, lakini uzito wake sikuupata. Ukiwa na miaka ishirini unadhani ng'ombe hawawezi kwisha.

Shamba lenyewe lilikuwa la ekari tatu. Ekari moja ilikuwa juu, karibu na nyumba na kando ya njia wanayopita watu kwenda mjini, udongo wake mweusi. Ekari mbili zilishuka chini, na huko udongo ulikuwa wa kichanga, mchanga mtupu. Bwana shamba alikuwa amekwisha kuja kutuonyesha kazi. Alichukua kisoda, kile kizibo cha chupa ya soda, akakijaza mbolea, akapitisha kidole juu yake. Mmea mmoja, akasema, kisoda kimoja kilichofutwa. Chimba kishimo kidogo mbali na shina kidogo, weka, fukia, na udongo uwe na unyevu. Mimi nilitazama kile kidole kinavyofuta nikamkumbuka baba.

Kabla mahindi hayajafika magotini, tukaletewa habari kwamba kaka yake mama mkwe amefariki Manyoni. Akafunga mzigo wake. Alikuwa anakwenda kukaa na wafiwa mpaka arobaini. Akiwa mlangoni akanipa maagizo: "Mvua ikinyesha, waite wenzako muweke mbolea. Anzieni chini, kichangani. Kisoda mkifute. Huku juu msiweke kitu."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza. Wazee wa wakati ule walitoa agizo wakaenda zao, na sisi vijana tulidhani kumuuliza mkubwa sababu ni utovu wa adabu. Kuuliza si ujinga, kila mtu anajua. Lakini mimi niliogopa kuonekana mjinga mbele ya mama mkwe, kwa hiyo nikaitikia kitu nisichokielewa.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, nzuri, ya kuloweka. Nikaalika kazi. Wewe siku hizi unakodi vibarua, lakini wakati ule kazi kubwa ulialika majirani. Unapika, unatengeneza togwa, wanakuja, mnafanya pamoja, na kesho nawe unakwenda kwao. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ila ujue kwamba aliyealika, siku hiyo ndiyo ya kupimwa. Wanapima sufuria lake, wanaonja togwa yake, wanaangalia mkono wake. Na mimi nilikuwa mgeni, Mnyiramba peke yangu katikati ya Wanyaturu kumi na wawili. Nilitamani mno wakirudi makwao waseme, yule binti ni mtu.

Kati yao alikuwemo Mama Rehema, jirani yetu wa mpakani, hodari wa kazi lakini ulimi wake wembe. Nilipowaambia tushuke chini tukaanzie kichangani, akasimama palepale.

"Tushuke tukalishe mchanga?" akasema. "Na huku njiani mnapaacha hivihivi? Watu wakipita si watasema Mama Ramadhani kaishiwa?"

Wenzake wakacheka. Nikawagawia visoda, nikawaonyesha kama bwana shamba alivyotuonyesha, kujaza na kufuta. Mama Rehema akakitazama kisoda chake, akanitazama mimi, akawageukia wenzake.

"Eti anafuta! Jamani, huyu kaurithi mkono na mama mkwe bado yu hai! Au ndivyo mnavyopimiana huko Iramba?"

Ulikuwa utani tu, mwanangu. Wanyaturu na Wanyiramba tunataniana hata msibani. Lakini masikio yaliniwaka moto. Nilimwona baba amesimama pale akinitazama na kopo la unga. Nikasema, kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia, "Nani kawaambia mfute? Jazeni, jamani! Hapa hakuna ubahili leo. Anzieni hukuhuku juu!"

Walinipigia vigelegele. Niamini, vigelegele vile vilikuwa vitamu kuliko vya harusi.

Basi tukaweka mbolea. Kila shina kwenye ule udongo mweusi lilipata kisoda cha kilima, mbolea inamwagika pembeni. Wengine waliongeza cha pili kwa uchangamfu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na sisi hatukuwa tunachovya, tulikuwa tunachota. Tulipofika mwisho wa ekari ile ya juu, mfuko wa pili ulikuwa umenywea. Tukashuka kichangani, tukapata mistari michache, kisha Mama Rehema akaukung'uta mfuko na kunitazama. Safari hii hakutania.

"Mama Mwajuma, imekwisha."

Mbele yetu kulikuwa na karibu ekari mbili nzima. Nikasema haidhuru, huko mvua itasaidia. Tukala, wakaisifu togwa yangu, wakaondoka wakiimba. Na wiki mbili zilizofuata nilikuwa malkia. Ile ekari ya njiani ilikuwa ya kijani mpaka ikaelekea weusi. Watu waliokuwa wakipita walisimama na kuuliza, hili shamba la nani? Nami nilikuwa natafuta sababu ya kuwa karibu ili niulizwe.

Kisha ikaja Februari. Wewe ni mtoto wa Singida, sina haja ya kukueleza mvua yetu inavyokata Februari. Mwaka ule ilikata wiki tatu na siku kadhaa. Yale mahindi yangu makubwa ndiyo yaliyoanza kuumia. Ncha za majani ziliungua, kisha kingo, kama yamepitishwa motoni. Yalikuwa yamelewa chumvi ya mbolea na maji hayapo. Upepo ulipokuja, mengine yakalala chini, maana yalikuwa marefu na shina halina nguvu. Na kule kichangani yalikuwa ya njano, membamba, yamefika magotini yakakata tamaa. Kila asubuhi nilikwenda kuyatazama nikitumaini nimeona vibaya jana.

Mama mkwe alirudi siku ya pili baada ya arobaini. Nilimwona kwa mbali njiani, mzigo kichwani, nikaenda kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mama. Poleni kwa msiba."

"Tumeshapoa."

Hakuingia ndani. Aliutua mzigo kizingitini, akaelekea shambani na viatu vya safari. Nikamfuata. Alitembea polepole katikati ya mistari akigusa majani, moja baada ya jingine. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Visoda vingapi?"

"Kimoja, mama."

"Mlikifuta?"

Nikajifanya namfunga mtoto vizuri mgongoni. Akachuchumaa, akachota udongo mweusi kiganjani, akanyoosha mkono niutazame.

"Unajua hapa palikuwa na nini?"

"Hapana, mama."

"Palikuwa na zizi. Baba mkwe wako alilaza ng'ombe hapa miaka mingi, wakati kundi lilikuwa kundi. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu. Zizi likikaa sana mahali, tunalihamisha, na palipokuwa na zizi tunapalima. Udongo huu umekula samadi tangu Ramadhani hajazaliwa. Haukuwa na haja na kitu chochote."

Tukashuka chini. Kule kichangani alisimama, mikono nyuma.

"Huku zizi halikufika," akasema. "Kwa ajili ya huku ndiyo nikamuuza mtamba." Kisha akaniuliza swali, kwa sauti ileile ya upole. "Ukipata wageni wawili, mmoja ametoka kula sasa hivi, mwingine hajala tangu jana, na una sahani moja tu. Utampa nani?"

"Asiyekula, mama."

"Na wewe umempa nani?"

Nililia, mwanangu. Nililia mpaka Mwajuma akaamka mgongoni akaanza kulia naye. Laiti angenipiga, au angenitukana kwa kunitajia kabila langu, ningepata pa kushika. Hakufanya hivyo. Wala hakuninyamazisha. Alingoja nimalize, akampokea mtoto, tukapanda nyumbani.

Mama Rehema alifika kutoa pole ya msiba. Walipomaliza kuulizana hali, akaanza kuzungukazunguka, eti mkwe wako ana mkono mkunjufu, alitushangaza sote. Nilikuwa jikoni nasikia kila neno, nikangoja mama mkwe aniseme. Ilikuwa haki yake. Yeye akajibu, "Nawashukuru kwa kunisaidia kazi. Maagizo niliyatoa mimi." Basi. Mama Rehema akaaga mapema, na hilo halikuwa kawaida yake. Ramadhani naye alipokuja aliambiwa kwamba jua lilikuwa kali. Ni kweli, jua lilikuwa kali.

Tulivuna kidogo. Juu tulipata mabunzi makubwa yenye punje za kubahatisha, chini tukapata vigunzi. Tulikula kwa kujibana, na hata hivyo mwezi wa Agosti ulipofika mwisho, ghala lilikuwa limebaki mavumbi. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, ila mimi yangu hayakungoja nipate wajukuu.

Siku ya mnada mama mkwe alikwenda kwa Kijivu asubuhi, akamfungua, akaja naye mpaka nilipokuwa nimekaa, akaniwekea kamba mkononi.

"Mpeleke."

"Mimi, mama?"

"Wewe."

Akarudi ndani. Nikamfunga mtoto mgongoni, tukaenda watatu. Kijivu alinifuata bila kuvutwa, maana mimi ndiye niliyekuwa namkamua na alinizoea. Njiani alisimama kula majani makavu, nikamwacha ale. Akisimama tena, nikamwacha tena. Nilitamani mnada uwe umekwisha tukifika. Haukuwa umekwisha. Mfanyabiashara mmoja alimfungua mdomo akamtazama meno, akampiga kofi ubavuni, akataja bei, akamshika kamba. Mwajuma wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, na jina alilompa Kijivu lilikuwa "uji". Ng'ombe alipovutwa kuondoka, mwanangu alinyoosha mkono kutoka mgongoni kwangu akaita, "Uji! Uji!" Watu wakacheka kwa sababu hawakujua. Mimi nilijua.

Nilinunua mtama, magunia mawili na kidogo, nikapata mkokoteni wa punda wa kunirudisha. Mama mkwe alitwanga kiasi, akasaga, akapika uji wa maji matupu. Akamimina bakuli tatu. Tukanywa. Alipomaliza lake akalifuta kwa kidole, akaniambia, "Dukani walitupa bei yao. Sasa umeijua bei ya mbolea."

Nikataka kupiga magoti kuomba radhi. Akanishika mkono.

"Kaa," akasema. "Na mimi nina langu. Nilikwambia fanya hivi, sikukwambia kwa nini. Agizo lisilo na sababu ni mzigo wa kichwani bila ngata. Hata mwenye shingo ngumu ataudondosha."

Msimu uliofuata alinizungusha shamba lote kwa mguu, siku nzima. Hapa zizi la kwanza, hapa la pili, hapa tulichomea majani, hapa maji hutuama, hapa ni mchanga tangu Mungu aliposema uwe mchanga. Fedha ya mbolea tulikuwa nayo ya nusu mfuko tu, na nusu mfuko ule aliukabidhi mikononi mwangu, mbele ya Mama Rehema na wenzake. Tuliutia kichangani tu, pale palipo pabaya zaidi, nami niliwasimamia kila mstari. Walitania, nikacheka nao, na visoda vikafutwa. Tulivuna tukala mwaka mzima.

Lakini sikiliza hili, maana ndilo hasa nililokuitia. Mama mkwe wangu aliishi miaka minne mingine, na katika miaka hiyo hatukuweza kupata ng'ombe mwingine wa maziwa. Kila asubuhi ya miaka minne alikunywa uji wa maji. Mimi ndiye niliyekuwa naukoroga, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea, na kila mara alisema asante, mwanangu. Hakunikumbusha hata siku moja. Alipofariki, mimi nilikuwa bado nadaiwa maziwa. Mchuma janga hula na wa kwao. Na wa kwangu alikuwa mama wa watu, mzee asiye na meno, ambaye alifanya kila kitu sawasawa.

Sasa wewe umeuza mbuzi wanne. Hao mbuzi hawakuwa wako peke yako. Mmoja alikuwa ada ya mdogo wako na mwingine alikuwa dawa ya mama yako siku atakapougua, hata kama hakuna aliyekwambia hivyo. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, nenda shambani. Tembea. Muulize babu yako mdogo zizi la shamba lako hilo lilikuwa wapi, maana yeye ndiye aliyechunga ng'ombe wa huko. Mwite bwana shamba aje na kile kifaa chake cha kupimia udongo. Siku hizi wanacho, na hakiumi mtu. Ukishajua nani ameshiba na nani ana njaa katika shamba lako, huenda ukagundua unahitaji mfuko mmoja, si mitatu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mkulima lazima awajue wote wawili.

Mgeni mjazie kopo mpaka limwagike, hapo sikuzuii. Baba yangu hakukosea. Mmea si mgeni. Mmea ni kama mgonjwa na dawa: ukimzidishia kwa kumpenda, umemuumiza. Futa kisoda. Watakucheka wanaopita njiani. Waache wacheke, hawatakuja kula ugali kwako mwezi wa Agosti. Weka udongo ukiwa na unyevu, fukia, na kama mbingu zimekauka, subiri hata kama kila mtu ameshaweka. Samadi ya mbuzi waliobaki usiiache mlangoni ikapeperuka, ipeleke kichangani. Na mtu akikwambia mbolea ya chumvichumvi inaua ardhi, mwambie bibi yako amesema yeye aliwahi kuiua kwa mkono wake mwenyewe, mfuko haukuwa na kosa.

Ukiambiwa na mkubwa fanya hivi, uliza kwa nini. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Mimi niliitikia ndiyo mama nisiyoielewa, na gharama yake alilipa mwingine. Nawe ukija kuwa mkubwa, ukimtuma mtu, mpe na sababu aende nayo.

Nimemaliza. Lete mkono wako hapa nikushike. Mungu akupe mvua inayojua siku zake na akili ya kuijua ardhi yako. Akuepushe na vigelegele vya bure. Wazee uliowakuta wasipungukiwe kwa ajili yako, na watakapoondoka, uwazike bila deni. Amina, mwanangu. Amina.